Majibu yalifika siku ya tano: tuzungumze vipimo vya haraka vya nimonia kwa watoto walioko ICU (chumba cha wagonjwa mahututi)

#1 Mleta uzi

Habari za usiku ndugu zangu wanajamvi.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Dodoma mjini. Kutwa nashinda na darubini, chupa za damu na vikopo vya makohozi. Neno "majibu bado" nimelitamka dirishani mara nyingi mno. Mwaka jana wakati wa kipupwe nilijikuta upande wa pili wa lile dirisha, flaski ya uji mkononi, na majibu yaliyokuwa yakisubiriwa yalikuwa ya mtoto wa kaka yangu, wa miezi tisa.

Nisimulie kwanza, halafu tuingie kwenye mada yenyewe.

Alianza mafua nyumbani kwao Bahi. Mnaujua upepo wa huku mwezi wa sita, vumbi na baridi vinaingia hadi kitandani. Siku ya pili kikohozi. Mama yake akapita duka la dawa, akapewa chupa ya amoksilini ya maji, akamnywesha mtoto siku mbili. Jirani, kwa nia njema kabisa, akasema hicho ni kimeo, apelekwe kwa mzee akatwe. Kaka akakataa katakata, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakamchoma seftriaksoni, wakaandika rufaa. Anafika mjini jioni, kile kifaa cha kubana kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 79. Mbavu zinabonyea ndani, tundu za pua zinatanuka, kichwa kinatikisika kwa kila pumzi. Usiku uleule akawekewa mpira kooni, akaunganishwa na mashine ya kupumulia.

Damu ya kuotesha ilichukuliwa Ijumaa usiku. Jumamosi na Jumapili zikapita, chupa haijaguswa. Jumatano mchana karatasi ikatoka: hakuna kimelea kilichoota. Katika siku hizo tano mtoto alishapewa aina tatu za antibayotiki, moja ikiondolewa nyingine ikiingia, kwa sababu daktari hakuwa na pa kushika zaidi ya homa na picha ya kifua.

Hospitali siitaji. Wale watu walikesha naye, na siku ya sita mtoto akatolewa mpira, akalia kwa sauti ya kukauka, sisi sote pale nje tukalia naye. Yuko mzima, anatembea.

Ila mpaka leo hakuna anayejua alikuwa anaumwa nini. Dawa ipi ilimsaidia, ipi haikuwa na kazi, hakuna ajuaye. Mimi mtu wa maabara jambo hilo linaninyima usingizi, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Vipimo vya kujibu swali hilo ndani ya saa chache vipo duniani. Nataka tuvielewe, tujue vinaweza nini na haviwezi nini, na huku kwetu kanda ya kati tuanzie wapi.

#2 Mkulima wa zabibu

Pole sana dada, na hongera kwa mtoto kupona. Mimi si mtu wa afya, niko Hombolo na mashamba yangu. Naomba kuuliza: karatasi ikisema "hakuna kilichoota" si maana yake mtoto hakuwa na vijidudu?

#3 Mleta uzi

Ahsante mkuu, na umeuliza mahali penyewe.

Wewe ni mkulima, utanielewa upesi. Chukua mbegu ya uwele, ikaange kidogo kikaangoni, halafu ipande. Haitaota. Lakini mbegu ilikuwepo. Kuotesha vimelea maabara ni hivyohivyo: tunaweka damu kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, tunaitunza kwenye joto la mwili, tunangoja siku mbili, tatu, mpaka tano. Mtoto wetu alikuja ameshakunywa amoksilini na ameshachomwa seftriaksoni. Bakteria kama walikuwepo, walishakaangwa.

La pili, kwenye nimonia vimelea viko ndani ya pafu. Mara nyingi havimo kwenye damu kabisa. Unaweza kuchukua damu mapema na kwa usafi wote, na bado chupa ikatoka tupu.

La tatu ndilo watu wengi hawalijui. Virusi haviwezi kuota kwenye ile chupa hata ukingoja mwaka. Na kwa watoto, virusi ndivyo vinavyoongoza. Kuna utafiti mkubwa unaoitwa PERCH, ulifanyika nchi saba, majirani zetu Kenya na Zambia wakiwemo, kwa watoto waliolazwa kwa nimonia kali. Matokeo yalichapishwa 2019. Kwa wale wasio na VVU ambao picha ya kifua ilionyesha nimonia, ilikadiriwa kwamba virusi vilisababisha asilimia 61, bakteria kama asilimia 27, na kifua kikuu karibu asilimia 6. Kirusi kimoja tu cha njia ya hewa, RSV, kilibeba karibu theluthi ya wagonjwa wote. Hicho RSV hakisikii amoksilini, hakisikii seftriaksoni, hakisikii chochote tunachochoma wodini.

Kwetu Tanzania nako kuna wa kwetu. Watoto 1,005 wenye homa walipimwa kwa undani Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakatoka 2014. Malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja tu kati ya kama kumi. Asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wale hawakuwa wagonjwa wa ICU, walikuwa wagonjwa wa nje wasiolazwa, lakini picha ni ileile: mtoto akichemka sisi tunawahi antibayotiki, na mara nyingi haihusiki.

Sasa kipimo cha haraka. Kinaitwa PCR, kilekile mlichokizoea wakati wa Uviko. Hakingoji mbegu iote. Kinasoma vinasaba vya kimelea, yaani kinatambua mbegu kwa ganda lake, hata kama imeshakaangwa. Kilichobadilika miaka hii ni kwamba badala ya kuuliza kimelea kimoja, unauliza makumi kwa mkupuo mmoja. Cambridge, Uingereza, walitengeneza kadi yenye visima vidogo vidogo inayotafuta vimelea 52, bakteria, virusi na fangasi, wakaijaribu kwa watoto 100 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Majibu yaliyatangulia yale ya kuotesha kwa zaidi ya siku nzima, na vimelea vilionekana kwa watoto wengi zaidi. Kuna mashine nyingine inayotumia katriji, yaani kikasha kidogo chenye dawa za kipimo ndani, unaweka sampuli, unafunga, kama saa moja baadaye inataja bakteria, virusi, na hata vinasaba vya usugu wa dawa.

Saa moja. Mimi nilisubiri siku tano.

#4 Baba wa Nzuguni

Dada nakuheshimu na naheshimu taaluma yako, ila niseme wazi. Mwanangu wa pili alifia njiani kati ya zahanati na hospitali kwa sababu gari halikuwa na mtungi wa oksijeni. Hakufa kwa kukosa jina la kirusi. Mashine za Cambridge kwetu ni kuruka hatua. Tupeni oksijeni kwanza, tupeni kile kifaa cha kidoleni kila zahanati, halafu ndiyo tuje kwenye vinasaba.

#5 Mleta uzi

Pole sana kaka. Mungu ampumzishe mwanao.

Uko sahihi, na sitabishana kwa ajili ya kubishana. Kifaa cha kidoleni nacho ni kipimo cha haraka, na ukiniuliza mimi ndicho cha kwanza kuliko vyote. Mtoto chini ya 90 anahitaji oksijeni, na macho ya mtu peke yake hukosea, hasa kwa ngozi yetu nyeusi ambapo rangi ya bluu mdomoni huonekana kwa kuchelewa. Kifaa chenyewe kwa ngozi nyeusi huweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi, kwa hiyo mtoto mwenye 91 anayehangaika kupumua asirudishwe nyumbani eti namba ni nzuri.

Dar es Salaam ilijaribiwa njia ya kuunganisha kifaa hicho na vipimo vya kutoboa kidole, kikiwemo CRP, protini inayopanda kwenye damu mwili unapopambana na maambukizi makali, vyote vikimwongoza mhudumu kupitia tableti. Zaidi ya watoto 3,000, matokeo yakachapishwa 2017. Waliopata antibayotiki walikuwa asilimia 11.5, wakati kwa watoto waliotibiwa kwa mwongozo mwingine, waliolinganishwa nao, walikuwa asilimia 29.7. Na watoto hawakuumia kwa kunyimwa dawa, waliozidiwa walikuwa wachache zaidi. Hapo hakuna mashine ya mamilioni.

Ninachokuomba ukione na wewe ni hiki. Mtoto aliyefika salama, oksijeni anayo, mpira kooni anao, pale ICU kinachokosekana ni jibu. Dodoma sasa hivi ina hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ina hospitali ya rufaa ya mkoa, watoto wanaletwa kutoka Mpwapwa, Kondoa, Chemba, hadi Singida. Kitanda cha ICU tunacho. Kuwa na kitanda cha ICU bila jibu la maabara kwa wakati ni kumwacha daktari apige risasi gizani, na kila risasi inaongeza usugu wa dawa kwa mtoto wa kitanda kinachofuata.

#6 Nesi wa zamu

Nimesoma kimya toka mwanzo, sasa niongeze kutoka wodini.

Watu wanadhani sampuli ya mapafu ni jambo la kukohoa kwenye kikopo. Mtoto wa miezi tisa hakohoi kwenye kikopo, anameza. Akiwa kwenye mashine ndiyo kuna nafasi nzuri: tunapitisha mpira mwembamba ndani ya ule mpira wa kupumulia mpaka ukwame, tunasukuma maji ya chumvi kidogo kwa bomba la sindano, tunavuta. Kinachorudi ni maji yenye povu, mara nyingine kamasi ya njano, kiasi cha kujaza kijiko. Namba ya oksijeni huwa inashuka wakati huo. Mmoja anashika mpira, mwingine macho kwenye skrini, na hakuna anayezungumza. Kwa hiyo mkisikia "wapime tu", mjue kuna dakika mbili ngumu hapo katikati.

Na lingine, tunasahau mashine tuliyonayo tayari. GeneXpert, mashine za PCR za kupima kifua kikuu (TB), ziko kwenye hospitali zetu nyingi. Siku hizi mtoto mdogo si lazima umwekee mpira wa puani kuvuta maji ya tumboni alfajiri kabla hajanyonya. Shirika la Afya Duniani limeshakubali tutumie choo chake, kwa sababu makohozi aliyoyameza yanatokea huko. Choo kidogo, katriji, majibu chini ya saa mbili tangu kiingizwe mashineni. Nimeona mtoto aliyezungushwa kwenye antibayotiki wiki tatu kumbe ni TB, na bibi anayelala naye alikuwa anakohoa muda wote huo. Hakuna aliyemuuliza.

#7 Mleta uzi

Dada nesi, ahsante sana. Hilo la choo ningekuwa na uwezo ningelibandika kila ukuta wa wodi ya watoto.

Kuna mtu amenitumia ujumbe pembeni akiuliza kama kipimo hiki kikija basi matatizo yamekwisha. Hapana, na ni vizuri tuambiane ukweli.

Bakteria anayeongoza kwa nimonia, anaitwa pneumococcus, yule ambaye watoto wetu wanachanjwa dhidi yake kwenye wiki ya 6, 10 na 14, anaishi puani mwa watoto wengi wazima bila kuwadhuru. Ukichukua ute wa puani ukapima PCR utamkuta, halafu utamsingizia. Ndiyo maana sampuli aliyoieleza dada nesi, ya ndani kabisa, ina thamani kuliko ya puani. Hata hiyo nayo PCR haitofautishi bakteria hai na mfu. Itakuambia virusi vitatu na bakteria wawili wapo, na bado daktari lazima akae amwangalie mtoto, aamue nani mwenyeji na nani mvamizi.

Na si kila jaribio limefurahisha. Uingereza kuna jaribio linaitwa INHALE, lilifanyika ICU 14, watu wazima na watoto, kwa kipimo kile cha saa moja. Matumizi ya antibayotiki yaliboreka kweli, dawa zikawa sahihi zaidi. Lakini walishindwa kuthibitisha kwamba wagonjwa walipona sawasawa na wale wa utaratibu wa kawaida. Mimi nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda ile mashine moyoni. Somo nililolipata kwangu ni kwamba jibu la haraka likifika kwa mtu asiyelizoea, bila mtu wa kumsaidia kulisoma, halimfanyi mtoto apone.

Bei nayo. Katriji ya TB imeshuka mwaka 2023 hadi chini ya dola 8 kwa nchi kama yetu, baada ya miaka ya mashirika na wagonjwa kupiga kelele. Katriji ya vimelea vingi haijafika karibu na hapo, ni ghali mara nyingi zaidi. Kwa hiyo sisemi ipelekwe kila kituo cha afya. Ningeanza na hospitali moja ya rufaa, kwa watoto walioko kwenye mashine tu, ambao ni wachache na ndio wanaokula dawa kali zaidi. Ila hata kabla ya hiyo kuna jambo halihitaji dola: sampuli ya Ijumaa usiku isingoje Jumatatu. Zamu ya maabara mwishoni mwa wiki, pikipiki ya kupeleka sampuli, na simu moja kwa daktari wa zamu majibu yakitoka badala ya karatasi kulala kwenye trei. Sisi watu wa maabara hilo ni letu. Nimeanza kulisemea kazini kwangu na sitaliacha.

Wazazi, na ninyi mna sehemu. Mtaje daktari kila dawa mtoto aliyokunywa kabla ya kufika, hata ile nusu chupa ya dukani. Msiogope kugombezwa. Bila hiyo habari, karatasi inayosema "hakuna kilichoota" inamdanganya kila mtu. Na sampuli ikichukuliwa, ulizeni kwa heshima: mmechukua nini, na majibu lini? Andikeni saa.

#8 Mama wa Kongwa

Shikamoo dada, samahani kuingilia. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili, anakohoa siku ya nne, leo jioni hajataka kunyonya. Nimesoma hapa nimeogopa. Nitajuaje kama ni nimonia au mafua tu?

#9 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Fanya hivi sasa hivi. Mfunue nguo mpaka kitovu akiwa ametulia, asiwe analia. Weka saa ya simu dakika moja kamili, hesabu tumbo linavyopanda. Kwa umri wake, 40 na kuendelea ni haraka mno. Angekuwa chini ya mwaka tungesema 50, na wa chini ya miezi miwili 60. Kisha angalia chini ya mbavu: akivuta pumzi, panabonyea ndani?

Lakini kwa kuwa hanyonyi, usingoje kumaliza kuhesabu ndipo uamue. Mtoto mgonjwa anayekataa kunyonya anakwenda hospitali usiku huu huu. Usimpe dawa ya dukani kwanza. Nenda na kadi yake ya kliniki.

#10 Mama wa Kongwa

Nimehesabu 58 na panabonyea. Baba yake kaenda kuita bodaboda.

#11 Baba wa Nzuguni

Mama, mtoto akae wima kifuani kwako, usimlaze kwenye pikipiki. Mfunike mgongo na kichwa, pua ibaki wazi. Ukifika usipange foleni, sema kwa sauti kwamba anapumua kwa shida.

#12 Nesi wa zamu

Na kama kuna mtu mzima hapo nyumbani anakohoa wiki mbili au zaidi, waambie wakati wa kujieleza.

#13 Mama wa Kongwa

Tumefika jamani. Walimchukua mlangoni bila foleni kama kaka alivyosema. Kidoleni ilisoma 86, sasa yuko kwenye oksijeni ya puani, inasoma 94, amelala. Wamepima malaria, hakuna. Niliwaambia kuhusu babu yake, anakohoa toka mwezi wa nne, daktari akaniangalia akaniuliza mara mbili. Wamenipa kikopo, wamechukua choo chake kwa ajili ya ile mashine ya TB. Damu walitoa kabla ya sindano ya kwanza. Nimeuliza majibu lini, wamesema ya choo kesho mchana, ya damu wataniambia. Nimeandika nyuma ya kadi yake ya kliniki: saa nne na dakika ishirini usiku.